Albamu Tano za Adoch

Kibanda cha Latif kilikuwa Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba, na watu walileta flashi zao hapo wapakiwe nyimbo. Kilikuwa na sheria moja, wala hakuitunga Latif mwenye kibanda. Aliitunga Adoch, mfanyakazi wake: albamu haiingii kwenye flashi ya mteja mpaka Adoch awe ameisikiliza yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka. Mwenye haraka aliambiwa aende akale chapati arudi.

"Wewe unauza nyimbo au unazifanyia mtihani?" Latif alimwuliza siku za mwanzo.

"Nazionja," Adoch alimjibu. "Mpishi haonji?"

Latif akaacha maneno, maana wateja walikuwa wakiongezeka. Walitoka Kabalagala, walitoka Bunga, wakapita vibanda vinne vya watu wengine, waje kumwuliza yule binti mrefu asiye na maneno mengi wasikilize nini wiki hii. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule aliiachia darasa la saba, mwaka ambao baba yake, Sajini Okeny, alistaafu polisi na karo ikastaafu naye. Lakini masikio hayana darasa. Alikuwa na daftari la kurasa mia, na kila albamu aliyoimaliza aliiandikia mstari mmoja. Mwaka 2024 aliandika mistari sitini na moja.

Sasa, ilikuwapo redio moja ndogo ya Kiswahili huko Old Kampala. Kila Desemba ilimwalika msikilizaji mmoja alete albamu zake tano za mwaka na kuzitetea hewani, mbele ya mtangazaji Masinde. Huyu alisomea muziki chuo kikuu, na watu walimwogopa kama mwalimu mkuu. Albamu iliyoshindwa kutetewa ilifutwa. Iliyobaki namba moja ilipigwa yote siku ya Mwaka Mpya, nyimbo zote, bila tangazo katikati.

Adoch alituma orodha yake kwa simu, akachaguliwa.

Kansanga ilipopata habari haikunyamaza. Odyek wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda. "Mwalimu Adoch, ukifika huko hiyo P7 yako, darasa la saba, iache nje na viatu."

"Nitaingia nayo," Adoch akasema. "Wewe yako uliiacha wapi?"

Wenzake Odyek wakacheka hadi abiria wake akashuka kutafuta pikipiki nyingine.

Nyumbani, Sajini Okeny aliisoma ile orodha akiwa amevaa miwani, kidole juu ya karatasi kama anakagua kitabu cha zamu. Namba tano walikuwa vijana watatu wa Kabalagala wa kufokafoka. Namba nne, wasichana wa kaswida wa Old Kampala. Namba tatu, mzee wa Masaka na gitaa lake moja. Namba mbili, wazee wa Kitgum wapiga adungu, kinubi cha Waacholi. Hapo kidole kilisimama.

"Nyara," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake kwa Kiacholi, "hawa ni watu yetu. Kwa nini unawaweka mbili?"

"Baba, hata wangekuwa si watu wetu wangekuwa wa pili."

Sajini alivua miwani, akamtazama, akairudisha karatasi. Jioni alimwambia jirani kwamba mtoto wake hapokei rushwa, hata ya kabila.

Namba moja ilikuwa *Sufuria Kichwani* ya Mama Exaucée. Jina lake ni Perpétue, mama Mkongo kutoka Rutshuru, msusi wa nywele milango miwili kutoka kwa Latif. Albamu ilirekodiwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, gitaa akipiga mdogo wake, Jean-Claude. Ilikuwa na nyimbo kumi na mbili na safari moja. Wimbo wa kwanza, risasi zinasikika na mama anaondoka na sufuria ya maharage ambayo hayajaiva. Wa pili hadi wa tisa ni njia: matope, kiu, mtoto mgongoni, na mwisho wake mpaka wa Bunagana chini ya mvua. Wa kumi amefika Kansanga, amepata chumba, maharage yanachemka. Wa kumi na moja majirani wanaonja. Wa kumi na mbili ni ngoma tupu.

Hakuna redio iliyowahi kumpiga Mama Exaucée. Adoch alitaka siku moja tu, asubuhi ya Mwaka Mpya, Kampala nzima itembee naye mpaka afike. Ndicho alichokifuata Old Kampala. Hayo mengine ya kusikika redioni aliyaacha kwa Odyek.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na dirishani mnara wa msikiti ulijaa kioo kizima. Jumamosi saa nne asubuhi Adoch alikaa mbele ya kipaza sauti, gauni limepigwa pasi, daftari mapajani.

"Dada Adoch," Masinde alianza, "muziki umesomea wapi?"

"Kibandani."

"Na kabla ya kibandani?"

"Shule ya msingi. Nilikomea P7."

"Kale, sawa. Basi leo P7 itufundishe."

Alisema kwa utani, ila utani wenye mwiba. Adoch hakujikuna. Alianza chini, namba tano, akapanda taratibu. Walipofika kwa wasichana wa kaswida Masinde alisema zile ni sauti na dufu tu, ala nyingine haipo hata moja.

"Miguu yao ipo," Adoch akasema. "Wimbo wa tatu wanaimba huku wanatembea. Sikiliza, wanapokata kona sauti inahama."

Masinde alipiga wimbo wa tatu. Alisikiliza kona ya kwanza, akasikiliza ya pili. "Hilo sikulisikia," alisema, na toka hapo mwiba ukapungua. Mzee wa Masaka alibaki. Wazee wa Kitgum walibaki. Adoch akaanza kuketi vizuri.

"Namba moja," Masinde akasema, akaweka karatasi chini. "Hapa dada yangu tutagombana. Hii albamu nimenunua mwenyewe, kibandani kwenu, nimeisikiliza mara tatu. Mama ana sauti, sikatai. Lakini hajui kusimulia. Wimbo wa kwanza anakimbia vita. Wa pili anapika maharage, anacheka. Wa nne anacheza. Halafu wa tano anaanza kulia njiani, analia hadi mwisho, anatuacha mpakani kwenye mvua. Mtu hupika kwanza ndipo akimbie?"

Adoch alifungua daftari, akalifunga. "Wa pili umesema anapika?"

"Anapika."

"Unasikilizia kwenye nini?"

"Spika ndogo ya flashi, kama kila mtu."

Hapo Adoch alijua. Kompyuta ya kibandani ina akili, inajua baada ya moja ni mbili. Spika ndogo hazina. Zinasoma tarakimu kama mtoto anayejifunza kuhesabu: zikiona 1 zinatafuta kila kinachoanza na moja, yaani 10, 11 na 12, ndipo zirudi kwenye 2. Ndiyo maana mpakiaji anayejua kazi huweka sufuri mbele: 01, 02, 03. Adoch aliweka sufuri kwenye kila albamu iliyopita mikononi mwake.

Isipokuwa moja. Aprili, siku alipokuwa anapakia *Sufuria Kichwani*, aliitazama ile 01 mbele ya wimbo wa Mama Exaucée na roho ikamkataa. Mama huyu aliingia nchi hii bila kitu, leo ana nyimbo kumi na mbili, halafu nimwandikie sufuri mbele? Akazifuta zote tisa, moja moja, kwa heshima. Kibandani aliisikiliza mara ishirini kwenye kompyuta, na kila mara ilikwenda sawa.

Masinde aliona uso wake, akalainika.

"Hakuna aibu," alisema. "Wazee wa adungu wapande namba moja, hii tuiache. Wote tunakosea kupenda."

Njia ilikuwa wazi. Baba yake, aliyekuwa nyumbani na redio sikioni, angefurahi. Jumatatu angerudisha sufuri kimyakimya na hakuna ambaye angejua. Jina lake, lile lililowapitisha watu vibanda vinne, lingebaki zima. Ila Kampala ingebaki inaamini kwamba Mama Exaucée hajui kusimulia safari yake mwenyewe.

"Kosa si la aliyeimba," Adoch akasema. "Ni langu mimi niliyepakia."

Akaeleza. Hakukimbilia mwisho, alieleza kama anavyoonyesha kazi kwa mgeni: tarakimu, spika, sufuri tisa, na kwa nini alizifuta. Sauti ilitetemeka mara moja tu, kwenye neno heshima.

"Ngoja kwanza," Masinde akasema. "Kwa hiyo miezi minane Kansanga nzima inasikiliza hii albamu kichwa chini miguu juu?"

"Na Kabalagala," Adoch akasema. "Na wewe."

Fundi mitambo nyuma ya kioo aliinama chini ya meza kuficha kicheko.

"Naomba kitu kimoja," Adoch akaendelea. "Piga wa tisa. Ukiisha usiguse chochote, uende wa kumi."

Masinde akapiga. Mpakani mvua inanyesha, na Mama Exaucée amegeuza sufuria kichwani imfunike yeye na mtoto. Matone yanagonga bati, ta-ta-ta, sauti yake inafifia, matone yanabaki peke yake. Wimbo unaisha. Wa kumi unaanza na matone yaleyale, ta-ta-ta, ila sasa yana joto, yana mdundo, kumbe ni kifuniko kinachezeshwa na mvuke. Maharage yanachemka. Sufuria ileile. Halafu ndipo anacheka.

Masinde alirudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena pale mvua inapogeuka maji ya jikoni.

Simu ya studio ikawaka. "Uko hewani," Masinde akasema. "Ni nani?"

"Sajini mstaafu Okeny." Adoch alifumba macho. "Mimi nafanya kazi ya polisi miaka thelathini na moja. Nimeandika maelezo ya watu mingi sana. Sijaona mtu anakuja kusema kosa yake kabla haijaulizwa. Leo nimesikia moja, na ni mtoto yangu."

"Asante mzee. Unasemaje kuhusu albamu?"

"Ile ya Kitgum ni mzuri zaidi. Lakini msichana amesema."

Akakata. Masinde alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kisha akachukua kalamu. "*Sufuria Kichwani* inabaki namba moja," alisema. "Mwaka Mpya tutaipiga yote. Dada Adoch, utakuja mwenyewe kuipanga, mimi siiamini flashi yangu tena."

Alipofika Kansanga mchana, Mama Exaucée alikuwa amesimama mlangoni pa saluni, kitana mkononi, na nyuma yake mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naisikia kwa boda, kwa soko, kila fasi. Moja, kumi, kumi na moja. Nikasema pengine bantu ya Kampala banapendaga furaha kwanza, machozi nyuma. Kila inchi na desturi yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisifu sana mbele ya bantu. Nikasema huyu mutoto nikimwambia, atalia."

"Sijalia."

"Nimesikia. Redio yote imesikia." Akamshika shavu kwa mkono uliojaa mafuta ya nywele. "Umenifikisha, binti yangu. Mimi nilifika zamani, lakini bantu balikuwa bado bananiacha mu mvua."

Mbele ya kibanda watu walikuwa wamejipanga na flashi mikononi, wengine na spika zao kabisa. Latif alikuwa anawapangia mstari kama msimamizi wa harusi. Odyek alikuwa wa tatu.

"Nipe ile ya mama," alisema, bila utani safari hii. "Iliyonyooka."

Adoch akakaa, akafungua kompyuta, akaandika upya tarakimu za nyimbo tisa, akaanza kupakia. Wa sita katika mstari alikuwa Akumu, mke wa askari, amebeba kapu la sokoni na hana muda.

"Mimi nipe ule wa kumi peke yake," alisema. "Ule wa maharage."

Adoch alishika flashi yake, akamrudishia.

"Ule hautoki peke yake. Kwanza umsindikize mama mpaka Bunagana."

"Nyimbo tisa zote hizo, nimesimama?"

Adoch akainuka, akampa kiti chake, akageuza spika kubwa ielekee barabarani, akaanza wimbo wa kwanza.