Safari ya Kumkumbuka Kitonga

Kadi ilikuwa ya karatasi ngumu, na juu kabisa walikuwa wameweka picha ya Kitonga akicheka. Chini yake iliandikwa: Safari ya Kumkumbuka Kitonga, Ikutha hadi Kathonzweni kupitia mto Athi, magari ya four-wheel peke yake. Mwandalizi: Mzee wa Kanisa Mulinge. Kathini aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa za mifugo pale Matinyani. Akaisoma tena, kisha akaikandamiza chini ya chupa ya dawa ya minyoo asije akairarua mbele ya mteja. Yaani aliyemuua ndiye anayemfanyia karamu. Haya basi.

Tuseme mambo wazi, maana watu wa Kitui walikuwa wameyafunika vya kutosha. Miaka miwili nyuma Kitonga, kaka yake Kathini, alikwama na Prado yake kwenye mchanga wa mto Tiva. Mulinge, fundi mwenye gereji kubwa mjini, akaja na Land Cruiser yake kumvuta. Wakafunga kamba kwenye ndoano ya nyuma ya hiyo Land Cruiser, ndoano ambayo Mulinge aliichomelea kwa mkono wake. Akakanyaga mafuta. Weld ikaachia, ndoano ikaruka na kamba kama jiwe la manati, ikapasua kioo cha mbele cha Prado, na Kitonga akafa pale pale kwenye kiti.

Hilo lingeitwa ajali, na Kathini, mtoto wa kanisani, angejikaza akasamehe. Kilichomkwama kooni ni maneno ambayo Mulinge aliyasema siku ya mazishi, kipaza sauti mkono huu, Biblia mkono ule. Alisema kamba haikufungwa kwenye ndoano yoyote. Alisema Kitonga, Mungu amrehemu, aliifunga kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia trela, na yeye Mulinge alimkataza, lakini marehemu alikuwa mjuaji. Kila dereva wa porini anajua kichwa kile hakivutiwi gari lililozama, maana hukatika kikaua. Basi ikawa hivyo. Sokoni watu wakaanza kuonyana: usiwe mjuaji kama Kitonga. Mbithe, mama yao, alikuwa akinunua nyanya na kusikia jina la mwanawe limekuwa mfano wa wapumbavu.

Kathini ndiye aliyeosha lile gari. Chini ya kiti cha nyuma aliikuta ndoano yenyewe, na makovu ya weld bado yako juu yake. Akaipeleka kituoni. Wakamwambia chuma hakina jina la mtu, na wakati huo Mulinge alikuwa ameshachomelea nyingine mahali pale pale na kuipaka rangi. Faili likafungwa. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, lakini ya huyu ilikuwa imetiwa lami na taa za barabarani.

Kathini hakutaka Mulinge afungwe. Hakutaka hata aombwe msamaha kando, kwa sauti ya chini, baada ya ibada. Alitaka kinywa kile kile, mbele ya watu wale wale, kiseme ni nani aliyemuua Kitonga. Na kama hakingesema, basi mto ule ule wa kumkumbuka marehemu umle Mulinge na gari lake, yeye Kathini akitazama. Aliyaomba hayo waziwazi katika sala, akamalizia na amina.

Prado alikuwa bado nayo. Aliitia kioo kipya, akawa anaiendesha kila siku: Matinyani dukani, Jumanne kliniki na mama, siku za soko Ikutha na maboksi ya dawa. Siku ile ya kadi aliiendesha hadi ng'ambo ya Athi, Kathonzweni, kwa fundi Nzioka, kwa sababu Kitui nzima hapakuwa na fundi ambaye hangekimbia kumpasha Mulinge.

"Unataka nini, daktari?" Nzioka alimuuliza. Anayeuza dawa za mbuzi huitwa daktari, hata akikataa.

"Nataka hii gari ipite mahali ya Mulinge itakwama."

Akampa karatasi. Ilikuwa imejaa: matairi makubwa kabisa, bampa ya chuma kizito, taa kumi na mbili, kreti ya juu ya kubebea madebe. Nzioka akatoa kalamu nyuma ya sikio akaanza kukata.

"Jumatatu hii gari itabeba nini?"

"Dawa. Na Jumanne, mwaitu, kliniki."

"Sasa mama yako atapandia ngazi? Skiza. Kila chuma unaongeza, mchanga itakubebesha. Mulinge hufanya gari ya kupigwa picha. Sisi tufanye ya kupita."

Wakafanya ya kupita. Iliwachukua Jumamosi sita. Waliweka spring za kuinua bodi inchi mbili tu, mama aweze kupanda. Matairi ya meno wakachukua saizi moja juu ya yale ya kawaida, yasikwaruze bodi gari likikata kona. Bomba la kuvutia hewa likapandishwa hadi usawa wa paa, injini isije ikanywa maji. Tumbo la gari likafunikwa bamba la chuma. Mbele wakafunga winchi, ile mashine ya kukunja waya, na hapo Nzioka hakugusa spana. Alimpa Kathini.

"Chasisi haichomelewi kitu ya kuvuta," alisema. "Inatobolewa, inatiwa bolti. Weld iko na siri. Bolti unaiona."

Kathini alilala chali chini ya gari la kaka yake akakaza bolti nane, na kwa kila moja alitaja jina la Mulinge. Sitasema alikuwa akimwombea. Chuki ile ilimfaa: alikula vizuri, alilala vizuri, na usiku hakuota tena kioo kilichopasuka. Jioni za katikati ya wiki alishuka kwenye vijito vikavu akajifunza mchanga. Alijifunza kutoa upepo kwenye matairi hadi yatanue tumbo na kuelea, na kutokanyaga breki, na kutotapatapa. Majirani wakamcheka kwamba daktari ameokoka upya, siku hizi anaabudu Prado.

Siku yenyewe ikafika. Pale Ikutha yalijipanga magari kumi na moja, na Mulinge akaomba sala ndefu kwenye kipaza sauti. "Tumkumbuke ndugu yetu," alisema, "na tujifunze kutokana na makosa yake." Watu wakaitikia amina. Kathini alikuwa amechuchumaa kando ya tairi akitoa upepo, akabonyeza kidude cha valvu kwa nguvu mpaka kucha ikamvunjika.

Mulinge akaja kumsalimia. "Sister Kathini, Bwana asifiwe. Hiyo upepo unamwaga ni ya nini? Hii si gari ya kupeleka mama kanisa?"

"Asifiwe, Mzee. Ndiyo hiyo hiyo."

"Mimi sitoi upepo. Gari ya mwanaume inapita na nguvu."

Land Cruiser yake ilikuwa imevishwa kila kitu. Ilikuwa na matairi mawili ya akiba juu ya paa, friji, pipa la maji, gunia la makaa, na nyama ya mbuzi wanne wa karamu. Kathini aliitazama akahisi furaha mbaya ikimpanda kifuani. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa Machakos siku mbili, na maji ya Machakos ndiyo ya Athi.

Wakafika kivukoni saa sita. Mchanga ulikuwa mpana, na katikati mkondo wa maji wa kufika magotini. Ng'ambo, upande wa Makueni, wageni walikuwa wameketi chini ya tenti, na kiti cha mbele kabisa alikuwa amewekwa Mbithe, mama wa marehemu, na ua kifuani. Nzioka alikuwa amesimama nyuma yake. Kathini akaingia wa kwanza. Prado ikaelea juu ya mchanga, ikapasua maji, ikapanda ukingo bila kuguna. Watu wakapiga makofi, naye akaigeuza itazame mto.

Mulinge akafuata kwa mbio na honi. Alifika katikati ya mkondo. Hapo uzito ukadai haki yake: magurudumu yakachimba, akaongeza mafuta, yakachimba zaidi, na Land Cruiser ikakaa chini hadi milangoni. Winchi yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mchanga. Magari tisa yaliyobaki nyuma hayakuthubutu kuingia, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kupanda na kugeuka rangi ya chai.

"Kathini!" Mulinge aliita dirishani. "Nirushie waya!"

Kathini alikaa juu ya boneti akatulia. Hii ndiyo saa aliyoiomba. Akamtazama mama yake ili wafurahi pamoja, lakini Mbithe alikuwa amesimama, mkono mdomoni, macho kwa mtu aliyekaa nyuma ya kioo akingoja kuvutwa, kama alivyokaa Kitonga. Kathini akaona alichokiona mama yake. Akatukana kimoyomoyo, akateremka.

Nzioka alimkuta kwenye winchi. "Vuta. Lakini waya ikikatika inapiga mtu. Tundika hii katikati, iangushe waya chini." Akampa mfuko wake wa kazi, aliojishonea kwa ngozi ya mbuzi na kuujaza mchanga. Mdomo wa mfuko ulifungwa kitambaa chekundu ili watu wauone na wasiruke waya.

Kathini akaingia majini na waya na koleo la kuchimbia mchanga, akaufunga waya kwenye chasisi ya Land Cruiser. Akarudi hatua kadhaa akautundika mfuko kwenye waya. Mchanga wa ndani yake ulikuwa umelalia upande mmoja, basi akachukua koleo akaugonga ulingane. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Alipogonga ya nne alisikia ukimya. Kwenye ukingo watu walikuwa wamerudi nyuma, na mwanamume mmoja alikuwa amevua kofia.

"Kathini." Sauti ya Mulinge ilikuwa imepungua. "Hiyo ni nini umenitundikia?"

Mkamba yeyote, aokoke asiokoke, anakijua kithitu. Ni kiapo cha kale, kitu kilichofungwa na kugongwa mara saba huku neno likisemwa, na mwongo hafi peke yake, anakufa na nyumba yake. Kanisani huhubiriwa kwamba ni cha shetani, na ndiyo maana kila mtu anakiogopa. Kathini aliitazama ile ngozi, kile kitambaa chekundu, koleo mkononi mwake. Alikuwa na nafasi ya kucheka akasema ni mchanga. Hakucheka. Akagonga ya tano.

"Wacha! Mimi niko na watoto!"

"Kamba ya Kitonga ilifungwa wapi?"

"Maji inapanda, sister!"

Akagonga ya sita, polepole. Maji yalikuwa yamefika mapajani mwake. Akainua koleo.

"Kwa ndoano!" Mulinge alipiga kelele hadi tenti ikasikia, hadi Ikutha wakasikia. "Ilifungwa kwa ndoano yangu! Mimi ndio niliifanyia weld na sikuweka bolti! Kitonga aliuliza kama iko sawa, nikamwambia iko sawa! Hakukosea kitu! Ni mimi niliwadanganya, hata kwa mazishi! Usigonge, Kathini, usigonge!"

Mbithe aliketi chini, polepole. Akang'oa lile ua kifuani akaliweka juu ya meza ya wageni. Kathini akashusha koleo, akatoka majini, akabonyeza swichi. Waya ukakaza, bolti nane hazikutikisika, na Land Cruiser ikatoka kwenye mto ikivuja maji kila mlango. Nyama ya mbuzi wanne haikuliwa. Watu waliingia kwenye magari yao wakaondoka bila kumuaga Mulinge, na kufikia Jumapili hapakuwa na mtu kutoka Matinyani hadi Ikutha ambaye hakuwa amesikia.

Njiani kurudi, Kathini alimwambia mama yake ule ulikuwa mchanga wa Nzioka tu. Mbithe alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke aliyewahi kumfukuza mganga uani kwake kwa fimbo ya ng'ombe. Alisikiliza, akageuka kutazama nje.

Wiki ya tatu Mulinge alikuja Matinyani kwa miguu, akivuta mbuzi kwa kamba. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alisimama langoni, hakuthubutu kupita.

"Sister, mimi nimesema yote. Hata kwa pastor nimesema, wamenitoa uzee wa kanisa. Lakini silali. Ng'ombe imekufa, na mtoto wa mwisho anakohoa. Nimeleta mbuzi. Nifungulie hiyo kitu."

Kathini alimtazama yule mtu aliyemchukia miaka miwili, akatafuta chuki yake akakuta imebaki kidogo sana. Akafungua kinywa amwambie, Mzee, nenda nyumbani ulale.

Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Akampita binti yake, akamzunguka yule mbuzi, akamminya mgongo kwa vidole kama wafanyavyo wanunuzi sokoni.

"Hii mbuzi ni ndogo," Mbithe alisema. "Kitonga alikuwa mtu mzima. Leta ingine."

"Sawa, mwaitu," Mulinge akasema, akavuta kamba akaondoka.