Kompyuta Namba Sita

Kila Jumanne saa nne na dakika ishirini, wanafunzi wa kidato cha nne walipanga viatu vyao nje ya chumba cha kompyuta, visigino vikigusa ukuta. Daud, kiranja wa mlango, alikagua miguu, kisha kila mmoja akatia sahihi kwenye daftari. Sheria ilitaka soksi nyeupe zisizo na tundu. Mwalimu Mkuu Maweu alisema vumbi la Kitengela huua kompyuta haraka kuliko mwanafunzi mjinga. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwasha hata moja.

Mwaka huo wa 2003 kompyuta zilikuwa kumi. Kila moja ilikuwa na vazi jeupe lililoshonwa na Mama Muthoki, fundi wa kiwanda cha nguo huko Athi River. Alizishonea kwa Jumapili tatu, baada ya kuambiwa kwamba hiyo ni heshima kubwa kwa mzazi. Binti yake Muthoki alikuwa na jozi moja ya soksi, yenye viraka visiginoni.

"Mwalimu, hazina tundu," Muthoki alimwambia.

"Kiraka ni tundu lililofunikwa," akajibu Bwana Maweu, akarudi kwenye chai yake.

Basi Muthoki alisoma akiwa nje, ameketi kwenye jiwe chini ya dirisha. Magotini aliweka kipande cha katoni ya sabuni alichokichorea vitufe vya kibodi kwa kalamu.

"Muthoki, miguu yako imepata ruhusa leo?" Daud alimuuliza kila wiki.

"Bado inaandikiwa barua," alijibu.

Jumanne moja ya mwezi wa sita aliandika jina lake kwenye katoni. Ndani, kompyuta namba sita, ambayo haikuwa na mtu, ikaliandika. Mwalimu Jentrix, aliyefundisha somo hilo, aliinua vazi, akasoma, akaenda dirishani.

"Muthoki, hujaacha nafasi kati ya majina."

"Hicho kitufe sijakichora, mwalimu."

"Kichore."

Akakichora. Kufikia mwezi wa saba alikuwa anatuma barua pepe, kupitia waya wa simu uliotoka ofisini kwa mwalimu mkuu. Katoni haikuwa na waya. Mvua iliponyesha aliificha ndani ya sweta, na namba sita ikasubiri.

Muhula wa mwisho wafadhili waliotoa kompyuta hizo walitangaza kwamba wangemchukua mwanafunzi mmoja kwa kozi ya mwaka mzima Nairobi, kisha wamwajiri afundishe kompyuta katika shule za Kajiado. Kila mmoja aeleze kwa barua pepe jinsi angemfundisha mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta. Mama Muthoki alikuwa ameshazungumza na msimamizi wake kiwandani. Bila kozi hiyo, Januari Muthoki angeanza kushona vifungo.

Siku ya kuandika, Mbeke, binti wa mwenyekiti wa halmashauri ya shule, alikaa kwenye namba tano, akacheza karata za kompyuta saa nzima. Muthoki aliandika ukurasa mmoja akiwa kwenye jiwe. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Ningeanza kwa kumruhusu aguse."

Wiki mbili baadaye jibu lilikuja. Aliyechaguliwa alikuwa Muthoki Kaloki. Bwana Maweu aliagiza daftari la mlangoni liletwe.

"Huyu aliingia?"

"Hapana, mwalimu," Daud akasema. "Alikuwa na viraka."

"Aliandika kwa katoni," Mwalimu Jentrix akasema taratibu. "Nilimwona."

"Mimi sikatai katoni, madam. Nasema hayuko kwa daftari. Nani alikaa karibu na namba sita?"

"Mbeke."

Bwana Maweu alimwamuru Mwalimu Jentrix achape jibu. Lilieleza kwamba Muthoki ni jina ambalo shule imeipa kompyuta namba sita kwa upendo, na kwamba msichana aliyeitumia anaitwa Mbeke. Mwalimu Jentrix alichapa bila kosa hata moja. Wafadhili walifurahi, wakaomba picha. Mbeke alipigwa picha ameegemeza mkono juu ya mashine, amevaa soksi mpya.

Ili mambo yalingane, Mama Muthoki aliitwa atarizi jina kwenye vazi la namba sita. Aliuliza herufi ziwe kubwa kiasi gani. Alizitarizi kwa uzi wa bluu, zikanyooka vizuri.

Januari Mbeke alikwenda Nairobi na Muthoki akaingia kiwandani. Kiranja mpya wa mlango huwaambia wa kidato cha kwanza, "Vua viatu. Muthoki hapendi vumbi."

Saa saba mchana, mashine za kiwanda zinapozimwa kwa chakula, namba sita huandika sentensi moja, ile ile iliyofungua barua ya Muthoki. Mwalimu Jentrix huinua vazi, hukagua nafasi kati ya maneno, huona ziko sawa, kisha huifunika.