Ishara Kumi na Mbili za Nyapara

Katika kiwanda cha kusokota nyuzi, mashine zilinguruma hivi kwamba hata ukimpigia mtu kelele sikioni, haambulii kitu. Ndiyo maana nyapara mmoja, mwanamke asiyependa kurudia neno, alibuni ishara kumi na mbili za mikono: uzi umekatika, leta kapu, zima mashine, na nyingine za kazi tu. Akaifundisha zamu nzima, akastaafu, akaenda zake.

Miaka tisa baadaye alirudi kumsalimia mpwa wake aliyeajiriwa pale. Alipoingia alipigwa na butwaa. Mikono ilikuwa ikizungumza kutoka mashine hadi mashine, na yeye mwenye lugha hakuelewa hata nusu. Mama mmoja alionyesha uzi umekatika, ilhali nyuzi zake zote zilikuwa nzima. Wenzake wakamtazama kwa huruma.

Mara akaona uzi wa mpwa wake umejiviringisha kwenye gurudumu. Akampungia: zima mashine. Binti akafumba mdomo, akainamisha macho kama aliyekaripiwa. Mashine ikaendelea mpaka ikajikaba yenyewe.

Wakati wa mapumziko, uani pamoja na wasokotaji, alitaka kujua kulikoni.

"Shangazi, ile siku hizi ni 'funga domo lako'," mpwa alisema. "Nilidhani nimekukosea."

"Na uzi kukatika?"

"Mtu kaachwa. Au kafiwa. Inategemea uso."

Nyapara aliuliza ni nani aliyebadilisha. Hakuna aliyejua. Walikumbuka tu kwamba palikuwa na msokotaji mmoja mmbeya, ulimi wake haupoi, na watu wakawa wanamwambia kwa utani azime mashine. Wageni walioajiriwa baadaye wakadhani utani huo ndio maana halisi ya ishara.

Moyo ulimchoma kidogo, kama mzazi anayemsikia mwanawe akiitwa jina asilompa yeye. Lakini udadisi ulimzidi.

"Sasa kuzima mnasemaje?"

Mpwa akagonga kiwiko cha kulia mara mbili. Kwa nini kiwiko? Mmoja akasema ni kwa sababu mikono ikijaa, swichi huzimwa kwa kiwiko. Mwingine akakataa katakata, na ubishi ukawaka.

Nyapara akajaribu, akagonga cha kushoto. Wanawake wote wakashikilia mbavu.

"Nimesema nini?"

"Usimwonyeshe meneja," mpwa alisema, akifuta machozi ya kicheko.

Alikataa kuondoka hadi aelezwe. Juma lililofuata alikuja tena, akasimama kando ya mashine ya mpwa wake, akiuliza kila neno limetoka wapi.