Tundu la Ukuta wa Jikoni

Nyumba za mtaa ule wa zamani zimebanana kama meno. Ukuta mmoja, nyumba mbili. Jirani akipiga chafya, wewe ndiye wa kumpa pole. Kuta zenyewe nene, ukiingiza mkono unafika begani. Na kwenye ukuta wa jikoni kwa Bibi kulikuwa na tundu la upana wa bakuli, linalotokea jikoni kwa shoga yake wa miaka arobaini, Bi Kijiko.

Bi Kijiko magoti yalishamsaliti, ngazi hashuki. Kila asubuhi anagonga tundu kwa kijiko. Bibi anajibu, "Umeamka, mchokozi?" Hapo ndipo siku inaanza.

Siku moja fundi wa chokaa alikuja kukarabati jikoni. Bibi, akienda kliniki, akamwambia mjukuu wake, "Mwangalie, mama, asiguse tundu langu." Mjukuu alikuwa na haya za kupitiliza. Salamu yenyewe aliimeza. Akajikalia na kitabu chake, akisubiri fundi amalize kuimba ndipo amwambie. Fundi hakumaliza. Binti alipoinua macho, ukuta ulikuwa laini kama yai. Tundu halipo!

Bi Kijiko atagonga, nani atamsikia?

"Fundi..." Sauti kama ya mbu. Fundi anaimba tu. Binti akavuta pumzi. "Fundi! Umemzibia Bibi tundu lake!"

Mwiko ukabaki hewani. "Lile la panya?"

"La kuongelea!"

"Sasa muda wote huu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naona haya."

Fundi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Shukuru ni chokaa. Haina haraka ya kukauka kama saruji. Njoo, mkono wako mwembamba."

Akakwangua chokaa mbichi, binti akasukuma ndani vijiwe vilivyoziba tundu mpaka bega likagusa ukuta. Upande wa pili mkono ukamdaka.

"Nani huyu? Mkono huu hauna makunyanzi, si wa shoga yangu."

"Ni mimi, bibi."

"Kumbe unaongea! Miaka yote najua shoga yangu anafuga bubu."

Bibi aliporudi alikuta tundu lina ukingo mpya, mweupe, wa mviringo. Akamtazama mjukuu. Fundi akaanza kupiga mluzi.

Asubuhi yake kijiko kikagonga. Bibi akainuka.

"Kaa chini wewe," ukuta ukasema. "Namwita yule mdogo."