Gamba Jeusi la Jiwe la Dundori

Mimi ni muosha karoti na kazi yangu naijua. Hapa Dundori karoti yenye udongo hainunuliwi, kwa hivyo mimi huzisugua kwa gunia mtoni mpaka zing'ae. Ningekuwa mvivu kidogo tu, labda mume wangu angerudi nyumbani.

Jirani yetu, Mzee Mbugua, aliuawa na jiwe. Alikuwa ameketi jikoni kwake saa tisa mchana, likapasua bati na kumpiga kichwani. Tulikuwa tumesikia mshindo angani, lakini kila mtu alidhani ni baruti za machimbo. Sasa, wiki moja kabla ya hapo, mume wangu Thuo, na mdomo wake usio na breki, alikuwa amegombana na mzee kuhusu mpaka na kumwambia mbele ya watu, "Siku moja nitakupasua hiyo kichwa!" Polisi hawakutafuta mwingine. Wakamchukua, hata jiwe hawakulibeba. Wana wa mzee nao wakalirusha lile jiwe uani kwangu: "Shikeni jiwe yenu!"

Lilikuwa la ukubwa wa ngumi mbili, zito ajabu, jeusi pande zote kama sufuria ya kuni. Nilipomtembelea Thuo rumande, alinishika mkono kwenye vyuma. "Becky, hiyo jiwe ilitoka juu. Mungu anajua sikuitupa. Peleka kwa watu wamesoma."

Nikaelekezwa kwa Daktari Kiptum, anayefundisha mambo ya mawe katika chuo kimoja mjini Nakuru. Nia yangu ilikuwa njema, naapa. Nani humpelekea msomi kitu chenye masizi? Jumamosi nilililoweka kwenye ndoo ya sabuni na chumvi. Jumapili, baada ya kanisa, nikalisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka weusi wote ukaisha. Likatoka kijivu, safi. Nikalifunga kwa gunia likiwa bado na maji, likakaa hivyo hadi siku ya miadi, wiki mbili baadaye.

Daktari alikata kipande chembamba, akakiweka chini ya darubini. Muda si muda akaniita nichungulie. Niliona vitufe vidogo vya mviringo, vimejaa rangi.

"Hizo ndizo zinanipa raha, Mama," alisema. "Mawe ya hapa kwetu hayana hivyo vitufe. Hii hapa ni madini inaitwa olivini, hii ni nyingine, piroksini, na hii inametameta ni chuma imechanganyika na nikeli. Chuma si nyingi, so inaingia kundi la L. Vitufe vimeanza kufifia kwa sababu ya joto ya kule ilitoka, kwa hivyo daraja ni ya tano. Hii ni kondraiti, L5. Ni jiwe ya angani, hakuna mjadala."

Nilipiga magoti palepale sakafuni nikalia kwa furaha. "Basi andika, Daktari. Andika ilianguka siku hiyo."

Akalichukua jiwe, akaligeuza mkononi. Nilijua kuna neno.

"Hapo ndio shida. Jiwe ikipita hewani, ngozi yake huyeyuka, ikabaki na gamba nyeusi. Hiyo gamba ndiyo ingeniambia imeanguka juzi. Yako haina. Halafu ona hii kutu. Mimi nikiiangalia, naona jiwe imekaa kwa shamba miaka mingi."

"Ilikuwa nyeusi! Nimeiosha mimi mwenyewe!"

"Kuna mtu mwingine aliiona? Picha? Ile bati ilitoboka?"

Bati lililotoboka, watu wa kanisa walikuwa wamelibadilisha kabla ya mazishi na kulitupa. Picha hakuna. Na wana wa Mbugua, walioliona jeusi, wangekubali vipi kuniapia mimi?

"Nikiandika vile naona," akasema polepole, "watasema mumeo aliokota jiwe ya angani kwa shamba akamtupia mzee. Jiwe ni jiwe tu, Mama, hata ikitoka juu."

Nikamng'ang'ania koti. Nikamwambia adanganye, mtoto wetu Kimberly ana miaka minne, nani atajua? Akasema upande wa mashtaka utaleta mtaalamu wake, na uongo ukishikwa Thuo ameisha kabisa. Mashine za kujua jiwe limeanguka lini ziko ng'ambo, na foleni yake ni ya miezi. Kesi ilikuwa Alhamisi. Nilimchukia yule mtu kwa ukweli wake, kisha nikajichukia mimi zaidi.

Jumatano nilimpelekea Thuo karatasi ya Daktari. Aliisoma, akaruka kama aliyeshinda kesi. "Ya angani! Si nilikuambia? Si nilikuambia, Becky?" Akageuza karatasi, akaangalia nyuma, akairudia mbele. "Sasa mbona hawajaandika ilianguka siku gani?"

Nilifungua mdomo nimwambie.

"Mashine yao imeharibika," nikasema.

"Si watatengeneza?"

"Watatengeneza."

Akatabasamu. "Asante, mama. Mwingine hangejua hata pa kuanzia."