Kanga wa Arafa Ng'ambo ya Mto

Arafa alipoondoka kwenda Kau kumwangalia binti yake Mwanasha, aliyekuwa karibu kujifungua mimba yake ya kwanza, alimwachia mumewe Komora nyumba, shamba la mpunga na kanga. Kuhusu nyumba na shamba hakusema kitu. Kuhusu kanga alisema tangu walipotoka uani mpaka alipokaa mtumbwini, na mtumbwi ulipokwisha kuacha ukingo bado alikuwa anasema.

"Usiwafungulie wote pamoja, Baba Mwanasha. Mtoe mmoja, wenzake wabaki kizimbani. Huyo mmoja hatakwenda mbali, atazungukazunguka hapo hapo anaposikia sauti za wenzake. Akizoea, umwongezee wa pili. Na asubuhi usiwape kitu. Mtama ni wa jioni tu, mlangoni pa kizimba, na utikise kibuyu wasikie. Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema Komora. Alikuwa akitazama maji yanavyoingia mtumbwini na kujiuliza kama wenye mtumbwi wameyaona.

Kijiji chao kilikuwa ukingoni mwa mto, juu kidogo ya Golbanti, ambako siku hizo Wazungu wa misheni ndio kwanza walikuwa wanaezeka nyumba yao. Komora mwenyewe ndiye aliyeyaleta mayai ya kanga, aliyaokota alipokuwa akifyeka msitu, akataka yachemshwe. Arafa akayatia chini ya kuku wake mwekundu aliyekuwa anaatamia. Msimu uliotangulia kifutu alikuwa amemuuma mbuzi wake wa maziwa uani, mchana kweupe, na hakuna aliyemwona nyoka mpaka mbuzi alipoanguka. Kanga humwona nyoka kabla ya mtu, humzingira na kumpigia kelele mpaka kila mtu ajue. Arafa alitaka kanga watakaoshinda mashambani wakila wadudu, na jioni warudi nyumbani kama kuku. Majirani walimwambia kanga ni ndege wa porini, hafugiki. Komora naye alisema hivyo hivyo, ila yeye alisema kila siku.

Sasa alibaki nao peke yake. Kanga walipiga kelele jua likichomoza. Walimpigia kelele mbwa, jani lililoanguka, na mtu aliyepita njiani na shughuli zake. Komora alipotoka kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe walimpigia kelele yeye, kana kwamba ndiye mwizi. Alijaribu kufuata maneno ya mkewe. Alimtoa mmoja. Ndege yule akarukia juu ya paa, akaanza kuwaita wenzake, na wenzake kizimbani wakamjibu. Wakaendelea hivyo mpaka jioni, na alipochoka kuita alichokonoa makuti ya paa na kuyaangusha chini.

Jirani yao Chande akaja na kusimama uani.

"Ndugu yangu Komora, nina mgonjwa wa homa ndani."

"Mwache apone kwanza huyo," alisema Komora, "halafu mje mniuguze mimi."

Wiki haikuisha. Asubuhi moja, kabla hata hajanawa uso, Komora aliuvuta mlango wa kizimba mpaka ukang'oka, akasimama kando.

"Nendeni," alisema.

Wakaenda. Walitoka mmoja nyuma ya mwenzake, wakapita katikati ya migomba bila haraka, wakafika ukingoni na kuyatazama maji. Kiangazi kilikuwa kimeubana mto, mchanga ulionekana pande zote mbili. Sijui walishtushwa na nini. Waliinuka wote kwa pamoja, wakavuka, wakapotelea upande wa pili.

Kitu cha kwanza alichokihisi Komora kilikuwa raha. Mchana ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mkewe aondoke. Jioni akatikisa kibuyu, kwa kujitoa lawama tu, na aliyekuja ni kuku mwekundu peke yake. Hapo ndipo alipomkumbuka Arafa vizuri. Arafa hangegomba. Angenyamaza, na kisha mambo haya angemsimulia kila mgeni atakayeingia nyumbani mwao mpaka wazeeke.

Kesho yake akavuka.

Ng'ambo ya pili Waorma walikuwa wamepiga kambi ya kiangazi. Ng'ombe walikuwa wametapakaa hadi ukingoni, na katikati ya miguu yao walikuwamo kanga wa Arafa, wameshiba tayari, wakidonoa kupe. Mwanamke mmoja mrefu alikuwa akikamua. Jina lake Qabale. Kiswahili alikijua kile cha kuuzia samli, na alikitumia bila kupoteza neno.

"Hao kanga ni wangu," alisema Komora.

"Wana alama?"

"Alama gani?"

"Ng'ombe wangu ana alama sikioni. Kanga wako, alama iko wapi?"

"Kanga hana sikio, mama."

Qabale alifikiri kidogo, akaendelea kukamua. "Mimi sikuwaita. Wamekuja wenyewe. Kama wako, chukua."

Komora akaanza kuwakimbiza. Alikimbia kati ya ng'ombe, akazunguka kichaka, akarudi kati ya ng'ombe. Kanga hawakujisumbua hata kuruka. Waliongeza mwendo kidogo tu, kila mara wakimwacha akiwa karibu kushika manyoya. Mwishowe akateleza kwenye mavi mabichi, akaenda chini na shuka yake safi. Alipoinuka, ng'ombe wote walikuwa wanamtazama, na Qabale pia.

"Unawatisha ng'ombe," alisema. "Maziwa yanakatika."

Tangu siku hiyo Komora alivuka kila jioni na kibuyu chake cha mtama. Alikitikisa mpaka mkono ukauma. Alijaribu kuimba ule mwito wa Arafa, mwembamba na wa kubembeleza, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliyekabwa. Watu wa kijijini walianza kukaa ukingoni jua linaposhuka, ili wamsikilize. Kanga walisimama kwa mbali, vichwa upande, kisha wakarudi kwa ng'ombe wao. Walikuwa na kupe wa kuwatosha. Mtama wa nini?

"Sasa mnanifanyia makusudi," aliwaambia.

Qabale hakumcheka. Kila jioni alimpa maziwa, na Komora aliyanywa yote. Mwishowe akaona haya kunywa maziwa ya watu bila kurudisha kitu. Akamkamata kuku mwekundu, akamtia kikapuni, akavuka naye. Kwa kweli alikuwa amemkasirikia kuku huyo vilevile, kwani ndiye aliyewaatamia.

"Nimekuletea kitoweo," alisema.

Qabale alichungulia kikapuni, akarudi nyuma. "Sisi hatuli ndege."

"Hata kuku?"

"Kuku si ndege?"

Komora akakitua kikapu chini, akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze alitamani kulia. Kuku kikapuni akaona giza limezidi, akaanza kulia kwa ile sauti ya chini ambayo kuku huwaitia vifaranga wake. Huko kwenye ng'ombe kanga mmoja akainua shingo. Akaja mwingine. Mara wakaja wote mbio, wakakizunguka kikapu, wakubwa kumpita mama yao, wakijisukuma kama walivyokuwa wakifanya walipokuwa vifaranga.

"Kumbe walikuwa wanamtaka mama yao," alisema Qabale.

Komora hakuwa na kitu cha kuwatia. Ilimbidi arudi kesho yake na kizimba kizima mtumbwini, amekitia mlango mpya wa kamba za ukindu, na kuku mwekundu ndani. Kanga wakaingia wenyewe. Wawili tu walishtuka mlango ulipokuwa ukifungwa, wakarukia juu ya mti wa mgunga na kukataa kushuka.

"Hao wamechagua ng'ombe," alisema Qabale. "Waache. Mimi nitawatazama."

Safari hii Komora alifuata maagizo. Alimtoa mmoja, akamvumilia juu ya paa. Wa pili alipoongezwa, kelele zikapungua, kwa sababu sasa walikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kuku mwekundu alimfungia uani kwa kamba mguuni. Kuimba hakujaribu tena. Jioni alitikisa kibuyu na kusema alichokuwa nacho moyoni: "Haya, njooni, mmenichosha." Alisema hivyo kila jua likishuka, kwa sauti ile ile ya uchovu, na siku moja, wote wakiwa nje, mbali kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, aliposema hivyo wakaja mbio, wakaingia kizimbani.

Chande alikuwa ameona. "Wamerudi," alisema.

"Wasirudi waende wapi," alisema Komora, lakini alikaa pale akiwatazama mpaka wakatulia.

Arafa aliporudi mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kabla hajatua mzigo alikwenda kizimbani. Akauliza wawili wako wapi. Komora akaanza kueleza. Alieleza paa, mgonjwa wa Chande, mto, kupe, mavi ya ng'ombe, kikapu. Alieleza kwamba kambi imekwisha kuhama na mvua, na Qabale ameondoka na wale wawili nyuma ya ndama. Alieleza kwamba hajapata kuona ndege wajinga namna ile, na kwamba ule mlango wa kizimba ulikuwa mbovu tangu zamani. Alikuwa akieleza bado Arafa alipokwisha kuwasha moto na kuteleka chungu.

"Baba Mwanasha," alisema Arafa, "tangu nimeshuka mtumbwini unanipa habari za kanga. Hujaniuliza kama mwanao amejifungua."

Komora akaliacha la kanga hapo hapo.

"Amejifungua?"

"Mtoto wa kike. Mzima, na mama yake mzima." Akakoroga chungu. "Analia usiku kucha. Baba yake amehamia kulala kwa rafiki yake."

Komora alikaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Mwambie mkwe wangu arudi nyumbani," alisema. "Kukimbia kelele hakutamsaidia."