Vidole vya Anaclet

Yaya wangu Anaclet, yaani kaka yangu mkubwa, alianza kukosekana siku ya Jumanne, tarehe 12 ya mwezi wa kumi, mwaka 1937. King'ora cha kampuni kililia, wanaume wa kambi wakatoka kwenda kwenye tanuru za shaba, na yeye hakuwa kati yao. Laurentine, mke wake, alikuja kunigongea mlango nikiwa nanyoa ndevu. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Shemeji, yaya yako ameenda," alisema. "Amebeba blanketi na Biblia. Viatu amebakisha. Anasema kule bantu batatembea bila viatu."

Kule ni Kasapa, ambako wakati ule palikuwa pori la vichuguu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kabwe, fundi cherehani aliyerudi kutoka migodi ya Rhodesia, alikuwa amekusanya watu huko wangoje mwisho wa dunia. Siku aliyoitaja ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, tarehe 21.

Haikuwa mara ya kwanza. Alitaja Pasaka, Pasaka ikapita. Akasema watu walihesabu kwa kalenda ya wazungu. Alitaja sikukuu ya Maria ya mwezi wa nane, nayo ikapita. Akasema kati ya wafuasi wake kulikuwa na mtu mwenye shaka. Laurentine alimcheka mbele ya watu, pale bombani.

"Kabwe, ile mwisho yako iko inachelewa kupita treni ya Bukama. Umeuliza chef de gare, mukubwa wa stesheni?"

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Kabwe hakukasirika. Alimtazama tumbo, akasema polepole, "Mama, ule mutoto hataona Noeli."

Laurentine alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Jioni alimweleza mume wake maneno yale kama mzaha, lakini Anaclet hakula. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kumfuata Kabwe: alitaka mtoto yule ahesabiwe upande wa watakaopona.

Sasa, mkataba wa Anaclet ulikuwa wa miaka mitatu, nao ulikwisha Jumamosi, tarehe 23. Aliyetaka kubaki alikwenda ofisini kubonyeza kidole gumba kwenye karatasi mpya, kando ya alama yake ya zamani. Asiyebonyeza alitolewa katika nyumba, na mke wake hakupokelewa tena katika hospitali ya kampuni. Na daktari alikuwa amesema wazi kwamba Laurentine asijaribu kuzalia nyumbani.

Mimi ni mwalimu. Nilifika mwaka wa tano wa seminari ndogo. Niliamini kwamba Alhamisi ikipita, yaya atarudi mwenyewe.

Alhamisi ile, saa nane mchana, anga likawa jeusi. Kuku waliingia vibandani. Darasani watoto walinyamaza wote kwa pamoja, na mkono wangu ukasimama ubaoni na chaki. Nilijua ni mvua ya kwanza ya mwaka. Hata hivyo nilihesabu pumzi zangu mpaka matone yalipoanza kupiga mabati.

Ijumaa Anaclet hakuonekana. Baada ya masomo nikaenda Kasapa.

Walikuwa kama watu sitini, wamelowa. Kabwe alikuwa chini ya turubai, anashona shati lililochanika.

"Mwalimu amekuja kutuhesabu," alisema bila kuinua kichwa. "Mvua ni rehema ya siku saba. Alhamisi ingine hautapata njia ya kurudia."

Anaclet alikaa peke yake, mikono imefungwa vitambaa.

"Yaya, dunia iko vilevile," nilimwambia.

"Minaona."

"Kesho njo siku ya mwisho ya kontra. Laurentine anakungoja."

"Na kama ni ile Alhamisi ingine?"

"Mikono yako imefanya nini?"

"Tulisugua vidole na majiwe ya tanuru. Wino ya kontra njo alama ya mnyama. Mwenye ile alama hatapita."

Ndipo nikatazama vidole vya Kabwe, vilivyoshika sindano. Vilikuwa vizima, na mistari yake yote.

"Yaya," nilisema kwa sauti ndogo, "angalia mikono ya ule muntu."

Aliangalia vile vidole, kisha vitambaa vyake. Kisha akasimama, akakunja blanketi. Kabwe alimwacha aende, hakumwita. Njiani nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda mabishano. Sikufikiri juu ya vidole vile zaidi ya hapo. Kwangu ulikuwa ujinga tu, na ngozi itaota.

Jumamosi asubuhi tulikwenda ofisini pamoja. Karani alikuwa Dominique, Mukasai, mtu wa Kasai, tuliyesali naye kanisa moja. Alifungua vitambaa, akapaka wino, akabonyeza. Likatoka doa jeusi, laini. Alijaribu kidole cha pili, cha tatu, vyote kumi.

"Mwalimu," alininong'oneza, "hii haina mistari. Mungelinijulisha mbele."

Lakini Bwana wa kambi, mzungu aliyeisimamia, alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake. Alitoa barua ya serikali kutoka mezani. Ilisema mfanyakazi yeyote aliyefuta vidole ahesabiwe kuwa mfuasi wa dini iliyokatazwa. Mimi sikuijua barua hiyo. Nilieleza kwa Kifaransa kwamba ameiacha, kwamba amerudi kwa hiari yake, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemleta. Aliandika jina langu pembeni.

Polisi walikuja kabla ya saa sita. "Mwambie Laurentine nilirudi," Anaclet alisema. Walipofika Kasapa, Kabwe alikuwa amevuka mpaka.

Nyumba ilichukuliwa Jumatano. Laurentine alizalia katika chumba changu, siku mbili na usiku mmoja, na mkunga hakutegemea kumwokoa. Mtoto, Honorine, aliona Noeli. Baba yake alipelekwa uhamishoni kaskazini, akafa huko mwaka 1941. Tulipata barua ya mistari minne, bila jina la mahali alipozikwa.

Mwaka jana Kabwe alirudi. Anahubiri upande wa Kampemba, na ametaja mwezi wa sita. Laurentine na Honorine wanakaa kwangu. Kila mwezi wa kumi padri anasoma jina la Anaclet katika misa ya asubuhi, na sisi watatu tunakwenda.